Vidonge vya Kufidia

Hebu nikuulize wewe uliyefungua ukurasa huu: ukikosa kula siku kumi na moja, je, siku ya kumi na mbili utaketi na kula chakula cha siku zote hizo kwa mkao mmoja? Najua unacheka. Unajiambia kwamba hata mbuzi hawezi kuwaza upuuzi wa namna hiyo. Basi mimi niliuwaza, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, tena nikiwa wa tatu katika darasa la wasichana thelathini. Na kwa sababu ya kuuwaza, nusura nimzike babu yangu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, hapa Ifakara. Wazazi wangu walikuwa Mahenge, ng'ambo ya mto, nami nililelewa na Babu Leodegar na Bibi Scolastica ili nisome shule ya masista. Kila siku ilifanana na mwenzake. Asubuhi nilifagia uwanja, nikateka maji, nikanywa uji, nikaenda shule. Mchana nikirudi nilimkuta Bibi ameketi kizingitini, mguu wake wenye kidonda ameunyoosha juu ya kigoda, na kando yake kikombe cha bati chenye kidonge kimoja. Kimoja tu, cheupe, kidogo kama chenga ya mchele. Nilikitia ndani ya kiberiti kitupu, nikala haraka haraka, nikashuka bondeni kumpelekea Babu.

Ulikuwa mwendo wa saa nzima. Unapita nyumba za mwisho za mji, unashuka kwenye majani marefu, unafika kwenye mkondo wa maji uliobaki baada ya mafuriko. Hapo kulikuwa na mtumbwi mdogo wa Babu. Nilisukuma kwa upondo hadi ng'ambo, na kutoka hapo ulikuwa mpunga mtupu mpaka macho yachoke. Babu alikuwa huko tangu masuke yalipoanza kutoka, maana kwelea kwelea hawana likizo. Alijenga dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi, akakaa juu yake na kombeo lake, na kamba zilizofungwa makopo zikapita juu ya shamba. Akivuta kamba, makopo yanapiga kelele, ndege wanahamia kwa jirani. Jirani naye anavuta zake, wanarudi kwa Babu. Hiyo ndiyo iliyoitwa kazi ya kuamia ndege.

Kidonge kilikuwa cha nini? Miezi mitatu kabla ya hapo Babu alipata kizunguzungu. Sista Konsolata wa hospitali ya misheni alimfunga kitambaa mkononi, akakipuliza hewa, akasikiliza, akasema damu yake inapanda mno. Leo mnaita presha. Akampa kopo la dawa mpya iliyotoka ng'ambo: kidonge kimoja kila siku, kisizidi, kisipungue.

Babu alikitazama kidonge kile kama mtu aliyekuta chawa kwenye kola ya shati.

"Mimi nimechonga mitumbwi miaka arobaini," alisema. "Nimebeba gogo la mvule kwa bega hili. Ugonjwa wangu mkubwa hivyo, halafu dawa ndogo hivi? Hiki wampe jogoo."

Naye akampa jogoo kweli. Alikisaga kwenye pumba, akakaa kutazama. Jogoo alisinzia kutwa nzima chini ya ghala, majike wakimpita bila hata kumheshimu. Mtu mwenye akili angeshtuka. Babu alisema jogoo yule alikuwa mvivu tangu kifaranga.

Bibi alilichukua kopo akalifungia sandukuni. "Mtu anayewatibu kuku hapewi kopo," alisema. "Anapewa kidonge kimoja, na mtu wa kumwangalia mpaka akimeze." Mtu huyo nilikuwa mimi, Kandida.

Nilifanya kazi hiyo vizuri, sikatai. Babu alimeza huku amekunja uso, kisha tulikula pamoja chochote alichokuwa nacho: kichwa cha kambare wa kubanika, au pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukiwa bado wa kijani. Mimi huiita pepeta chakula cha malaika. Babu aliniita mke wake mdogo, akanisimanga kwamba nakula kama mke mkubwa.

Kisha ikakaribia sikukuu ya Ekaristi. Mwalimu wetu alichagua wasichana kumi na wawili wa kumwaga maua mbele ya Sakramenti siku ya maandamano. Mimi nilikuwa mmoja. Nguo nyeupe, kikapu kidogo cha ukindu, shada kichwani. Mazoezi yalikuwa kila siku, hata Jumamosi na Jumapili, baada ya chakula cha mchana: hatua tatu, geuka, busu ua, litupe, hatua tatu tena. Sijui kama mnaweza kuelewa jinsi nilivyoyataka maua yale. Nilikuwa nikiyaota.

Saa ya mazoezi na saa ya kidonge zilikuwa saa ile ile.

Mtoto mwenye akili angefanya nini? Angemwambia bibi yake, "Bibi, nimechaguliwa, tumtafute mwingine wa kwenda bondeni." Maneno hayo hayazidi kumi. Mimi niliogopa kwamba Bibi atasema hapana, kwa hiyo sikumpa nafasi ya kusema hata ndiyo. Siku ya kwanza nilijiambia, siku moja si kitu. Nikakiacha kidonge kwenye kiberiti, nikaenda kubusu maua. Siku ya pili nikajiambia, siku mbili si kitu. Ukishajua kusema hivyo, huhitaji kujifunza kitu kingine.

Jioni Bibi aliuliza, "Babu yako hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Anakusalimu. Anasema ndege ni wengi."

Uongo wangu ulikuwa nadhifu, umefuliwa na kupigwa pasi. Siku moja niliongeza kwamba Babu anauliza habari za mguu. Bibi alifurahi, akaniambia nimjibu kwamba mguu unapoa. Nilisema nitamjibu.

Siku zikafika kumi na moja, na kiberiti changu kikawa kinalia kama kayamba. Vidonge kuvitupa niliona ni dhambi. Hapo ndipo werevu wangu ulipofanya kazi yake. Ulikuwa mwezi wa Maria, yaani Mei, unamalizika, na sisi watoto wa shule tulikuwa tumeahidi kila mmoja kusali kumi moja ya Rozari, yaani Salamu Maria kumi, kila siku. Aliyekosa alifidia Jumamosi. Rafiki yangu Margareta alikuwa hodari wa kufidia kuliko wote. Uvivu wa wiki nzima aliufuta kwa nusu saa, midomo ikienda mbio kama sungura. Nikawaza: kama sala inafidiwa, kidonge kwa nini kisifidiwe? Mungu ni mkubwa kuliko Sista Konsolata.

Jumamosi, siku moja kabla ya maandamano, hakukuwa na shule wala mazoezi. Bibi alinipa kidonge cha siku hiyo mapema, nikakiunga na wenzake. Vikawa kumi na viwili. Saa mbili asubuhi nilikuwa chini ya dungu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Hakushuka. Alinitazama toka juu kama anayetazama nyayo za mnyama asiyemjua. "Wewe ni nani? Zamani nilikuwa na mke mdogo anayefanana nawe. Nasikia alikufa maji."

"Nilikuwa na kazi za shule, Babu."

"Haya." Akashuka polepole. Chini ya ngazi niliona majani ya mgomba yamekunjwa kunjwa, mengine yamekauka, sisimizi wanaingia na kutoka. Nikauliza ni nini. "Takataka," alisema, akayasogeza kwa mguu.

Nikamwaga vidonge kwenye kiganja chake. Alivitazama, akanitazama.

"Vyote hivi?"

"Ni vya kufidia, Babu. Vile vya siku zilizopita na cha leo."

"Nani kasema?"

Hapa ndipo palipokuwa na njia panda. Nilikuwa nimeshadanganya siku kumi na moja, lakini uongo ule wote ulikuwa haujamuumiza mtu kama huu mmoja.

"Sista Konsolata," nikasema.

Babu akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Leo ndiyo wamenipa dawa," alisema. "Kile kimoja kilikuwa cha jogoo." Akavitia vyote kinywani kwa mkupuo, akateremsha na maji ya kibuyu, akajifuta midomo, akapanda dungu.

Kwenye shamba la jirani alikuwako Mzee Eustaki, Mngoni, mtani wake. Nao, kama ilivyo desturi ya Mpogoro na Mngoni, walitukanana tangu jua lichomoze mpaka litue.

"Wewe Mpogoro," Mzee Eustaki alipaza sauti, "ndege wako wamekuja kwangu kuomba ukimbizi. Wanasema kwako kuna njaa."

Kwa kawaida Babu asingeacha neno kama hilo lipite. Siku hiyo alijibu moja, la pili akachelewa, la tatu hakulijibu. Nilivuta kamba mimi. Saa nne Babu alisema pua zake zimeziba. Saa tano alisema miguu imekuwa ya mtu mwingine. Kisha akataka kushuka kunywa maji. Aliposimama tu uso ukawa kama majivu, magoti yakalegea, akateleza kwenye ngazi na kuanguka kando ya majani yale ya mgomba.

Mzee Eustaki aliona, akacheka mpaka akakohoa. "Hata kuanguka hujui! Umeanguka kama gunia la pumba. Usife leo, Mpogoro, pombe ya matanga sijaipika."

"Babu haamki!" nilipiga kelele.

"Ataamka nikifika karibu na chakula chake," akasema, akaendelea kuvuta makopo yake. Mtani haaminiki, na mtani naye haamini. Dakika ngapi zilipita nikimwita, sijui. Hatimaye alikuja kwa madaha, akiwa na tusi jingine mdomoni. Alimshika Babu mkono, tusi likaishia hapo hapo. Mkono ulikuwa baridi, unatoka jasho.

Watu wa mashamba ya jirani walikuja sita, na kila mmoja alikuwa daktari. Mmoja alisema apewe maziwa. Mwingine alisema maji ya sabuni ili atapike. Wa tatu alisema asimamishwe na kutembezwa, damu ichangamke. Mzee Eustaki, aliyekuwa hajawahi kuumwa kitu zaidi ya jino, alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Wakamsimamisha Babu. Mara tu kichwa kilipokuwa juu, macho yaligeuka, akazimia. Wakamlaza, akafumbua macho kidogo. Wakamsimamisha tena. Walifanya hivyo mara tatu, watu wazima wenye wake na watoto, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu anazinduka akilazwa na kufa akisimamishwa.

Na mimi? Mimi nilijua. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Nilinyamaza.

Kwenye mtumbwi Mzee Eustaki alimketisha wima, amemwegemeza kifuani pake. "Mzee wa heshima halali ndani ya mtumbwi kama kambare," alisema. Heshima hiyo karibu imuue. Tulipofika ng'ambo walimweka juu ya kitanda cha kamba, na hapo alilala kwa sababu tu hawakuwa na namna ya kumbeba amekaa. Nadhani ndicho kilichomfikisha hospitali akiwa hai.

Daktari alikuwa amevuka mto tangu alfajiri kwenda kutazama wagonjwa wa ng'ambo. Alitupokea msaidizi wake, dresa Bwana Apolinari, mtu aliyevaa kaptula nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

"Watu wa bonde," alisema, akimpima Babu mapigo, "mgonjwa mnamleta akiwa amebakiza hatua mbili. Ameanza lini?"

"Ni malaria," alisema Mzee Eustaki. "Tangu juzi anatetemeka." Babu hakuwa ametetemeka jana wala juzi. Lakini mtu akishatoa hukumu yake huitafutia na mashahidi.

"Tangu juzi?" Dresa aliuliza. "Una hakika?"

"Nalala naye shamba kwa shamba."

Dresa akaenda kabatini, akaanza kutayarisha sindano ya kwinini. Hapo aliingia Sista Konsolata. Alikuwa mwanamke wa kwetu Mahenge, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo wanaume wakubwa waliiogopa. Akamgusa Babu paji la uso. Akafunua kope zake. Akamfunga kitambaa mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena.

"Malaria gani yenye baridi ya chura?" aliuliza. "Damu imeshuka karibu na sakafu. Huyu ni Leodegar, mgonjwa wangu wa damu kupanda. Amekunywa nini leo?"

Watu wote walitazamana. "Maji tu," alisema mmoja.

Nilitazama ile sindano mkononi mwa Dresa. Nikisema ukweli, kesho sitamwaga maua. Hilo ndilo nililowaza, nalisema mlijue, kwamba babu yangu alikuwa amelala pale rangi ya majivu, na mimi nilikuwa nahesabu maua. Kisha Babu akavuta pumzi moja ndefu, na nyingine ikachelewa kuja.

"Nilimpa vidonge," nikasema.

Sista aligeuka. "Vidonge vipi?"

"Vyake. Vya damu."

"Vingapi?"

"Vinne."

Mnaona? Hata hapo nilikata ukweli vipande vitatu, nikatoa kimoja. Sista alinitazama, akamtazama mgonjwa, akarudi kwangu.

"Vinne havimlazi mtu mzima namna hii," alisema. "Sikiliza, binti. Sijakuuliza unaona aibu kiasi gani. Aibu yako hainisaidii. Nimekuuliza vidonge vingapi."

"Kumi na viwili, Sista. Saa mbili asubuhi."

Hakuna aliyenipiga, hakuna hata aliyenikemea. Waliniacha pale kama kiatu kilichovuliwa, wakaanza kazi.

"Dresa, rudisha sindano hiyo," alisema Sista. "Kwinini nayo hushusha damu. Mtamshusha mpaka kaburini." Bwana Apolinari aliirudisha, na kumtazama Mzee Eustaki kwa jicho ambalo lingeweza kupiga pasi kaptula nyingine.

Mzee Eustaki alijaribu kujiokoa. "Basi tumpe maziwa atapike, Sista."

"Mtu aliyesinzia ukimtapisha, anayatapika kwenye mapafu," alisema Sista. "Wewe kaamie ndege."

Wakaweka matofali chini ya kitanda upande wa miguuni, mpaka kitanda kikawa kama mtumbwi unaozama kwa mbele, kichwa chini, miguu juu, ili damu kidogo iliyokuwa na nguvu irudi kwenye moyo na ubongo. Wakamfunika mablanketi mawili wakati sisi wengine tulikuwa tukitoka jasho. Kwa mpira mrefu waliingiza maji tumboni na kuyatoa, wakarudia mpaka yakatoka safi. Sista alisema dawa nyingi imekwisha kuingia mwilini, ila hiyo iliyobaki haiachiwi nafasi. Baadaye wakamtia kwa mpira ule ule mkaa uliosagwa, unaoshika sumu tumboni isipite. Chupa ya maji ya chumvi ikatundikwa, ikaanza kudondoka mshipani tone kwa tone. Kisha sindano ya kuinua damu, kidogo kidogo, na kitambaa mkononi kila robo saa.

"Wewe njoo," Sista aliniambia. Akaniwekea vidole kwenye kifundo cha mkono wa Babu, akanionyesha saa ya ukutani. "Hesabu mapigo. Kuhesabu unajua, umehesabu vidonge."

Nikahesabu. Arobaini na mawili kwa dakika. Baadaye arobaini. Baadaye arobaini na moja. Niliyasema kwa sauti, Dresa akayaandika. Nilihesabu mchana wote nikiwa nimesimama, na sikuthubutu kubadili mguu.

Alasiri Bibi alifika akichechemea, amelikumbatia kopo la dawa. Sista alilipokea, akasoma kilichoandikwa, akahesabu vilivyobaki. Hesabu ilikubali. Bibi akaketi kwenye benchi, akaunyoosha mguu wake, kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Na zile salamu ulizokuwa ukiniletea?"

"Nilizitunga, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

"Nami nilizijibu moja moja," alisema Bibi. Hilo lilinichapa kuliko fimbo zote nilizowahi kula.

Jua lilipokaribia kutua mapigo yalikuwa arobaini na manane, na Babu alikunja uso alipochomwa sindano. Sista alisema uso uliokunjwa ni dalili nzuri, hasa kwa mtu huyu.

Jumapili maandamano yalipita nje ya ukuta wa hospitali. Nilikuwa ndani, na vidole vyangu juu ya mkono wa Babu. Nilisikia wimbo ukija na ukienda, nikajua kwa hatua hasa wapi wanageuka na wapi wanabusu ua. Walikuwa kumi na mmoja. Margareta aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyeona pengo. Nilimshukuru kwa kunijulisha.

Jumatatu asubuhi Babu aliamka kweli kweli. Kwanza aliwatukana wauguzi kwa kumlaza kichwa chini kama popo. Kisha akataka kuketi.

"Lala," alisema Sista. "Damu yako ndiyo kwanza inajifunza kusimama."

"Mlinipa dawa nyingi mno," Babu alisema. "Kumi na viwili!"

"Sikukupa mimi." Sista alinitazama. Nikasimama mbele ya kitanda nikasema yote, tangu kidonge cha kwanza hadi jina lake nililolisingizia. Mzee Eustaki alikuwapo, ameleta samaki.

Sista alivuta kigoda akaketi. "Kandida," alisema, "sala unayofidia unamwomba Mungu, na Mungu ana subira. Ini na moyo wa babu yako havina subira hiyo. Kidonge cha jana kikipita kimepita. Ukikosa siku, njoo uniulize; cha jana hakirudishwi juu ya cha leo. Na mtu akishameza kupita kiasi, mlaze, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali pamoja na kopo lake, useme ukweli wote saa hiyo hiyo. Tungeweza kumpa kwinini. Angekufa kwa dawa zetu mbili, na wewe ungejua sababu peke yako mpaka uzee." Akamgeukia Babu. "Na wewe, mzee. Jogoo alikuambia. Hukumsikiliza kwa sababu ni jogoo. Dawa haipimwi kwa macho. Nyoka mdogo naye unamdharau?"

Babu alitazama dari. Sista alipotoka, Bibi naye alitoka kutafuta uji, na Mzee Eustaki akaona afadhali amsaidie. Tukabaki wawili.

"Kazi za shule," Babu alisema.

"Hapana, Babu. Nilichaguliwa kumwaga maua. Nilitaka sana."

"Maua." Alilitema neno lile kama mbegu ya limau. "Mtoto anaacha kusema neno moja la kweli kwa sababu ya maua. Ungesema, ningekuchumia kikapu kizima. Yako pale mkondoni, yanaoza bure."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, kama unavyomwacha ndege ale suke ulilokwisha kulikosa.

"Yale majani ya mgomba chini ya ngazi," alisema hatimaye, bado anatazama dari. "Hukuuliza tena ni nini."

"Ulisema takataka, Babu."

"Yalikuwa pepeta. Na kichwa cha kambare, siku nilizompata. Kila siku nilikufungia sehemu yako, kila jioni sisimizi wakashukuru." Akakunja uso kama anayemeza kidonge. "Kidonge kile sikukitaka hata siku moja. Nilitaka uje tule."